Kuitunza Betri ya Gari Linaloegeshwa kwa Muda Mrefu

Gari linaloendeshwa kila siku huitunza betri yake lenyewe, kwa kuwa altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, hurudisha chaji kila injini inapozunguka. Gari linalokaa uani wiki tatu mfululizo, ama kwa sababu mwenyewe amesafiri, ama ameona ni nafuu kupanda daladala kuliko kujaza mafuta, halina kinacholirudishia chaji hiyo, ilhali linaendelea kutumia umeme usiku na mchana. Alamu iko macho, kompyuta ya injini inahifadhi kumbukumbu zake, saa inatembea, na kama gari limefungwa kifaa cha kufuatilia mahali lilipo, nacho kinakula humo humo.

Magari mengi yakiwa yamezimwa hutumia kati ya miliampea 20 na 50. Tukichukua kiwango cha juu, miliampea 50 ni sawa na ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ni ampea moja kwa saa moja), na betri ya saizi ya NS60, yenye uwezo wa takriban ampea-saa 45, itakuwa imepoteza karibu ampea-saa 17 ndani ya siku 14. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya chaji yote. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu betri hujipunguza yenyewe hata isipounganishwa na chochote, na kasi ya kujipunguza huko huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini desturi ya kumwachia mlinzi ufunguo ili aliwashe gari dakika tano kila baada ya siku chache haina faida. Wengi husema kwamba kupiga stata ndiko kunakoimaliza betri, lakini stata huchukua umeme mwingi kwa sekunde mbili tatu tu, kiasi ambacho hurudi upesi. Tatizo ni deni la siku zote ambazo gari limelala. Injini ikinguruma palepale, altaneta huzalisha kidogo, na hata ikiipatia betri ampea 10, dakika tano hazifikishi ampea-saa moja. Isitoshe, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo ndani ya oili na bomba la moshi. Ni bora gari likae kimya kuliko kuwashwa hivyo.

Kabla ya kuamua lolote, pima. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ya bei ya chini inatosha. Liache gari limezimwa usiku kucha, fungua boneti asubuhi, weka kipimo kwenye volti za mkondo mnyoofu, kisha gusisha waya mwekundu kwenye kichwa chanya na mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni takriban robo tatu, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 ni robo tu. Mstari wa kutouvuka ni 12.4, kwa sababu chini ya hapo salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba za betri huanza kuganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya baadaye haiwezi kuziyeyusha zote. Betri iliyoachwa wiki kadhaa ikiwa na volti 11 huweza kuchajiwa na kuonekana nzima, lakini uwezo wake hauwi tena ule wa mwanzo.

Ikiwa gari linakaa wiki moja au mbili tu, tiba rahisi ni kuliendesha kila wiki kwa muda usiopungua nusu saa, na ikiwezekana katika barabara ambayo injini inazunguka kwa kasi ya wastani. Foleni haisaidii, hasa usiku, wakati kiyoyozi na taa vinagombea umeme uleule. Ifahamike pia kwamba sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole sana, kwa hiyo nusu saa barabarani huzuia betri kushuka zaidi lakini haiwezi kuijaza ile iliyokwisha kushuka nusu.

Kwa gari linalokaa karibu na soketi ya umeme, njia ninayoipendekeza kuliko zote ni chaja inayojiongoza yenyewe, ile inayopandisha volti hadi takriban 14.4 na, betri ikishajaa, hushuka hadi volti 13.5 hivi na kubaki hapo bila kuiunguza. Ampea zake zikaribie moja ya kumi ya uwezo wa betri, yaani 4 au 5 kwa NS60. Hata ya ampea moja inafaa ikiwa kazi yake ni kudumisha chaji tu. Unapoinunua, uliza swali moja ambalo wauzaji hawalitaji: umeme ukikatika na kurudi, chaja itaendelea yenyewe au itasubiri mtu abonyeze kitufe? Penye mgao wa umeme, chaja inayosubiri kitufe huishia kuwa pambo. Mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha, wala asivute mtu sigara hapo, maana betri inapochajiwa hutoa haidrojeni.

Pasipo soketi lakini penye jua, paneli ya wati 10 hadi 20 iliyounganishwa kupitia kidhibiti chaji hufidia matumizi ya gari lililolala. Ya wati 10 hutoa ampea-saa mbili hadi tatu kwa siku yenye jua zuri. Usiiweke nyuma ya kioo chenye tinti ukatarajia matokeo hayo.

Mwenye safari ya mwezi mzima au zaidi anaweza kuitenganisha betri. Chukua spana namba 10, legeza kichwa hasi kwanza, kiondoe na ukifunike kwa kitambaa kikavu. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi hufuata. Fahamu kwamba redio nyingi zilizokuja na magari yaliyotumika Japani hujifunga zikikosa umeme na kudai namba ya siri au kadi ya ramani, na mara nyingi muuzaji hana hata kimoja. Kama redio yako ni ya aina hiyo, tafuta njia nyingine. Betri iliyotenganishwa ipimwe kila mwezi. Imani kwamba kuiweka juu ya sakafu ya saruji kunainyonya chaji haina msingi kwa betri za leo zenye kasha la plastiki.

Magari ya mseto, yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, yana utaratibu wake. Toyota Prius nyingi na Aqua zina betri ndogo ya volti 12 upande wa nyuma, nayo huchajiwa na betri kubwa gari likiwa limewashwa na neno READY linaonekana kwenye dashibodi. Kuwasha redio peke yake huimaliza. Katika Prius yenye betri hiyo nyuma, usifunge buti baada ya kuitenganisha betri hiyo, kwa kuwa buti hufunguliwa kwa umeme.

Ikiwa betri inashuka upesi kuliko hesabu ya mwanzo, mtafute mwizi wa umeme ndani ya gari. Unganisha multimita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10, kati ya kichwa hasi na waya wake, huku milango imefungwa na ufunguo wa kisasa, ule usiochomekwa, uko mbali. Mwanzoni itaonyesha namba kubwa. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Ikibaki juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke. Usiwashe gari wakati huo, utaunguza kipimo.

Betri za kuongezewa maji zikaguliwe kila mwezi. Ongeza maji yaliyotoneshwa pekee, kamwe usiongeze asidi, na usivuke alama ya juu. Baada ya kuijaza chaji, itenganishe na uiache usiku mmoja. Ikiwa asubuhi imeshuka chini ya volti 12.4, hakuna chaja itakayoirudisha, na fedha zielekezwe kwenye betri mpya.