Ndugu yako akimuuzia mgeni fungu lake la nyumba ya mirathi

Nyumba ya marehemu mama iko Mji wa Kale, Mombasa, na sisi watoto tumeirithi bila kugawana vyumba. Kaka yetu aliyeko Maskati akamuuzia mfanyabiashara fungu lake kwa shilingi milioni 4. Leo fungu hilo ni langu, kwa shufaa, haki ya sheria ya Kiislamu: fungu likiuzwa, mshirika anamtangulia mgeni kulinunua.

Angalia kwanza kama u mshirika kweli. Kwa Shafii, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, shufaa ni ya mwenye hisa katika mali isiyogawanywa. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na sahaba Jabir, katika kitabu cha Bukhari, inasema mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa, shufaa haipo tena. Kwa hiyo jirani tu hana haki hiyo, ijapokuwa madhehebu ya Hanafi humpa. Fungu likitolewa zawadi, usidai.

Ukisikia limeuzwa, sema siku ile ile. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao, hasa sisi wanawake tunaoambiwa tusubiri wakubwa wakutane. Ukinyamaza bila udhuru, imeanguka. Mimi nilimpigia kaka usiku ule, mjomba na shangazi wakisikia, kisha nikamwandikia yeye na mnunuzi: nyumba ipi, fungu lipi, bei gani, nami nalichukua kwa shufaa.

Bei ni ile ile aliyotoa mgeni. Usiombe kupunguziwa, wala usilichukue nusu. Wakilitaka washirika kadhaa, mtagawana kwa kadiri ya hisa zenu. Kama huna pesa, mwache ndugu yako auze kwa amani. Shida zake anazijua yeye.

Sheria ya Kenya nayo inakusaidia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inamkataza mwenye hisa katika umiliki wa pamoja wa mafungu, yaani kila mmoja na fungu lake katika mali moja, kumuuzia mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, nao wasimnyime bila sababu ya maana.

Kadhi atakupimia fungu la mirathi, lakini ugomvi wa hati unapelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kama hati bado ina jina la marehemu, anzeni na mirathi sasa, kabla hajatokea mnunuzi.