TEHAMA kwenye idara ya kilimo chuoni: panga kazi kwa msimu

Ukipangiwa kuhudumia TEHAMA kwenye idara ya kilimo ya chuo kikuu hapa Dar, usidhani ni kazi ya projekta na printa tu. Huku kuna data ambayo ikipotea hairudi mpaka msimu ujao. Mavuno ya ploti (kipande cha shamba) ya majaribio hupimwa mara moja tu. Mahindi yakishapukuchuliwa na kuchanganywa, huna tena cha kupima. Hatua zote hapa chini zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Zunguka uandike kilichopo

Rejista ya mali itakuonyesha kompyuta na namba yake. Haitakuambia kwamba ile kongwe pembeni ya spektrofotomita, mashine ya maabara ya kupima sampuli kwa mwanga, ndiyo pekee yenye programu ya kuiendesha. Ingia mwenyewe maabara, stoo, kwenye kitalu nyumba na ofisi za watafiti. Kwa kila kifaa andika nani anakitumia, kina data gani, na nakala ya data hiyo iko wapi. Jiandae, safu hiyo ya mwisho utaikuta tupu sehemu nyingi.

Hatua ya 2: Weka mlango mmoja wa maombi

Maombi yakija kwa WhatsApp, kwa simu na kwa kukamatwa kwenye korido, mwenye sauti kubwa ndiye atakayehudumiwa. Fungua barua pepe moja ya idara, au mfumo wa tiketi wa bure, unaoandikisha kila ombi, kama osTicket au GLPI. Idara ikiwa ndogo, hata jedwali la pamoja linatosha. Anayepiga simu usimfokee aende kwenye mfumo; mwandikie tiketi wewe mwenyewe huku anaongea.

Kisha panga foleni kwa swali moja: kazi hii ikichelewa leo, inaweza kurudiwa kesho? Tuseme saa mbili asubuhi gari la utafiti linawaka kwenda Kisarawe na kishikwambi kimoja kinagoma kufungua fomu. Wakati huohuo simu inaita: "Kijana, printa yangu imekwama tena." Jibu ni, "Shikamoo Prof. Nimeshaiandika, nawaondoa watu wa shamba kisha nakuja." Prof mwenyewe amewahi kulima majaribio, ataelewa. Asipoelewa, mkuu wa idara awe ameshasaini utaratibu huo mapema.

Hatua ya 3: Bandika kalenda ya mvua ukutani

Ukanda wetu una vuli, takriban Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Waulize watafiti watapanda lini, watapima lini na watavuna lini, kisha panga matengenezo katikati. Usihamishe seva wala kubadilisha mfumo wa akaunti wiki ya mavuno.

Hatua ya 4: Andaa vishikwambi kabla ya safari

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Programu za kukusanyia data, ODK Collect na KoboCollect, hujaza fomu bila mtandao na kutuma baadaye, lakini fomu yenyewe lazima iwe imeshapakuliwa. Jioni ya kuamkia safari, kwa kila kifaa: pakua toleo jipya la fomu, zima intaneti, jaza fomu moja ya majaribio mpaka mwisho, hakikisha tarehe na saa ni sahihi, chaji, weka pauabanki kwenye mkoba. Waelekeze wakusanyaji wasubiri GPS itulie chini ya anga wazi, usahihi ufike mita 5 au chini ya hapo, ndipo wahifadhi.

Wakirudi, fungua ramani kabla hawajatawanyika. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama ya kutoa. Mtu akiandika namba kwa mkono akaisahau alama hiyo, shamba la Kisarawe linahamia Ethiopia. Kosa la aina hiyo ukiliona jioni ileile, unamuuliza aliyekwenda na linaisha. Mwezi ukipita, hakuna anayekumbuka.

Hatua ya 5: Idhibiti Excel

Ploti ikiitwa "2-3", Excel huigeuza tarehe: kompyuta moja inaisoma 2 Machi, nyingine 3 Februari, kutegemea mipangilio yake. Namba ya simu ya mkulima nayo hupoteza sifuri ya mbele. Fanya safu hizo ziwe za maandishi kabla ya kuingiza chochote, au bora zaidi, zipeni ploti majina yenye herufi, kama R2P3. Hili lizungumzwe wakati jaribio linapangwa; baada ya mavuno utakuwa unafukua.

Hatua ya 6: Nakala tatu

Moja kwenye kompyuta ya mtafiti, moja kwenye seva ya chuo, moja nje ya jengo. Kila msimu chagua folda moja bila kumwambia mtu, ujaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala. Majina na simu za wakulima zikae faili tofauti na vipimo, lenye neno la siri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na utafiti haujaachwa nje.

Hatua ya 7: Umeme na joto

UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, ni ya kukupa dakika za kuzima kwa utaratibu. Friza la sampuli linahitaji jenereta, na kengele ya joto inayomfikia mtu simuni usiku. Betri za UPS zisirundikwe kwenye kabati lisilopitisha hewa: joto likipanda nyuzi kama 10 juu ya 25, maisha ya betri ya risasi hupungua karibu nusu, na Januari ya Dar mnaijua.

Hatua ya 8: Kompyuta kongwe ya maabara

Usiiboreshe kwa pupa. Programu ya mashine inaweza kukataa mfumo mpya. Itoe kwenye mtandao, nakili diski yake nzima, tafuta diski ya akiba inayoingia humo. Matokeo yatoke kwa flashi moja tu inayokaguliwa kila mara, na ifungwe kamba mezani, maana flashi za maabara zina miguu.