Jinsi ya kuandaa taarab ya kuchangia utafiti wa usonji (someni kabla ya kuniuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara nne, jibu ni lile lile, basi naliweka hapa mara moja. Sisi ni kikundi cha wazazi na jamaa wa watoto wenye usonji, hapa Mombasa. Usiku wa taarab tumeufanya mara mbili. Wa kwanza ulikuwa aibu, wa pili ulikwenda.

1. Tarehe. Aprili 2 ni Siku ya Usonji Duniani, lakini tazameni Ramadhani kwanza. Mwaka 2023 na 2024 siku hiyo iliangukia ndani ya mfungo.

2. Mpokeaji, kabla ya kuchapa bango. "Utafiti" si mtu wa kupewa bahasha. Mtafiti wa kweli hapokei pesa mkononi: huingia akaunti ya taasisi yake, na mradi wenyewe uwe umepitishwa na kamati ya maadili. Dai barua inayotaja mradi, akaunti na pesa zenu zitafanya nini hasa. Wa kwetu aliomba nauli za familia zinazotoka mbali kuja kupimwa. Hamna barua, msiandike "utafiti" kwenye bango.

3. Ukumbi. Uwe na chumba cha pembeni chenye mlango unaofungika, cha mtoto anayetaka kukimbia kelele.

4. Vibali. Cha kelele kutoka kaunti, leseni ya muziki kutoka vyama vinavyotambuliwa na KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya), na barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Anzeni mwezi mzima kabla.

5. Tiketi. Pesa ziingie Paybill ya kikundi (namba ya M-Pesa ya kupokea malipo), si simu ya mtu.

6. Pesa za kutuza. Hapa ndipo tulipoharibu. Taarab haisikilizwi mikono mitupu, nani asiyejua? Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha mpaka jukwaani, unampa mwimbaji noti na kurudi kitini ukiwa umesema lako. Usiku ule wa kwanza kina mama walituza kama wako harusini. Wao walijua wanawatuzia watoto. Mwimbaji alijua anatuzwa yeye, kwani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za nyanya zetu. Sisi waandaaji hatukuwa tumesema lolote kwa upande wowote. Baada ya kulipa gharama, pesa za tiketi zilituachia shilingi 46,000, na wapambe wa mwimbaji wakaondoka na kikapu ambacho hatukuwahi kukihesabu. Asubuhi simu zikaanza. Tuliitwa wezi, naye akaitwa mwizi, na hakuwa ameiba hata ndururu. Kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo: pataneni kwa maandishi kabla ya mazoezi ya kwanza. Ama mwimbaji analipwa ujira wake na tuzo zote ni za watoto, ama anaimba bure na tuzo ni zake. Nusu kwa nusu msijaribu. Nani atahesabu jukwaani? Wapambe nao wawepo siku ya kupatana, kwa sababu wao ndio wanaookota. Mshereheshaji atangaze kabla ya wimbo wa kwanza, arudie baada ya mapumziko, maana wenye noti kubwa huchelewa kuja. Wekeni sinia mbele ya jukwaa, na walinzi wawili wasio na undugu.

7. Taa za kumetameta hapana, fashfashi hapana.

8. Hesabu zitoke ndani ya siku tatu, na vishina vya tiketi vipigwe picha.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Dada, tiketi mliuza shilingi ngapi na pesa mliweka kwa nani?

Jibu: Shilingi 500, watoto bure. La pili ni hatua ya 5.

Kijana wa Kisauni: Lakini namba yangu ya M-Pesa si sawa tu? Mimi ni mwaminifu, watu wananijua.

Jibu: Sijasema u mwizi. Simu yako ikiibiwa, au wewe mwenyewe ukafa, Mungu apishe mbali, pesa za watoto zitageuka mirathi yako. Paybill.

Mama Wawili: Assalam aleikum dada. Mwanangu wa miaka sita anapenda ngoma mno, lakini spika zikianza huziba masikio na kulia. Nitakuja naye vipi?

Jibu: Waaleikum salaam mama. Swali hili ndilo lingefaa kuulizwa kwanza, na sisi mwaka wa kwanza hatukuliuliza. Safari ya pili nusu saa ya mwanzo tulipiga bila spika kabisa: udi, fidla na dumbaki, watoto wamekaa mkekani karibu na wapigaji. Mmoja aliegemeza sikio kwenye tumbo la udi mpaka wimbo ukaisha. Baada ya hapo spika zikawashwa, na asiyezitaka akaenda kile chumba cha pembeni. Si kudekeza. Mwongozo wa WHO wa 2022 kuhusu kumbi za muziki unataka sauti isizidi wastani wa desibeli 100 na pawepo mahali tulivu, na huo ni kwa watu wote. Njoo mapema, akague ukumbi ungali mtupu.

Fundi Mitambo: Naongeza. Spika ndogo nne kuzunguka ukumbi ni bora kuliko mbili kubwa mbele. Wa mbele hawaumii, wa nyuma wanasikia.

Msema Kweli: Utafiti wa nini wakati kila mtu anajua usonji unaletwa na chanjo?

Jibu: Makala ya 1998 iliyoanzisha maneno hayo, jarida la tiba The Lancet lenyewe liliifuta 2010. Ukitaka kubishana, si hapa.

Mdadisi: Shangazi, samahani kama ni ujinga. Kwa nini msisaidie shule badala ya utafiti?

Jibu: Si ujinga, tulibishana jioni nzima. Mtoto hapati msaada unaomfaa mpaka ajulikane ana nini, na vipimo vingi vilitungwa Marekani na Uingereza. Kimoja maarufu, ADOS, kina mchezo wa kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, na keki na mishumaa. Mtoto ambaye kwao hawajawahi kuzima mshumaa juu ya keki, akikaa kimya tumepima usonji au tumepima keki? Jirani yetu Kilifi, watafiti kina Amina Abubakar walishatengeneza kipimo cha hapahapa cha ukuaji wa watoto wadogo. Si cha usonji, ila kinaonyesha kazi hiyo inawezekana. Na mradi wa NeuroDev, wa Kilifi na Cape Town, unachunguza vinasaba vya watoto wa kwetu. Shilingi zetu hazinunui maabara, lakini nauli zinanunua.

Mdadisi: Ahsante. Na chakula mliuza?

Jibu: Mahamri na viazi karai, vilipikwa nyumbani. Bisi tuliacha, mashine yake inapiga kelele.

Fundi Mitambo: Puto nazo acheni. Moja ikipasuka kuna mtoto atatimua mbio mlangoni, na nje ni barabara.

Jibu: Kweli kaka. Ongezeni kwenye hatua ya 3: mtu mzima mmoja akae mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, na asiwe yule anayekata tiketi.