Kuchagua Lenzi ya Wanyamapori na Lenzi ya Wadudu

Kabla hujauliza bei, jiulize: ninayetaka kumpiga picha atakuwa umbali gani, na nitaruhusiwa kumsogelea?

Hatua ya 1: Pima umbali. Seronera, katikati ya Serengeti, chui hujilaza juu ya tawi, nawe huruhusiwi kushuka garini. Katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, kinyonga yuko kichakani usawa wa kifua chako. Safari hizo mbili hazitaki lenzi moja.

Hatua ya 2: Lenzi ya mbugani. Chukua zumu, yaani lenzi inayovuta karibu kwa viwango tofauti, ya milimita 100-400 au 150-600; milimita zikizidi, huvuta karibu zaidi. Kagua kwanza sensa ya kamera yako, kile kipande cha ndani kinachopokea picha: kwenye sensa ndogo ya APS-C, 400 huona kama 600 hivi, kwa hiyo usilipie milimita ulizo nazo tayari. Simba akiwa kando ya barabara, 200 inatosha kabisa. Mdiria akiwa ng'ambo ya mto, hata 600 utaiona fupi. Egemeza lenzi dirishani juu ya mfuko wa maharage, na dereva azime injini. Saa sita mchana joto linalopanda kutoka ardhini huvuruga picha za mbali, hata lenzi iwe ya bei gani.

Hatua ya 3: Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Tafuta iliyoandikwa 1:1, maana yake picha ya mdudu kwenye sensa hulingana na ukubwa wake halisi. Kwa lenzi hiyo, mdudu wa milimita 24 anajaza kimo chote cha sensa kubwa (full-frame). Sasa angalia nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele cha lenzi na mdudu, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Makro ya milimita 60 ikikaribia kabisa huacha sentimita kama 10; ya 100 huacha karibu 15. Tofauti ni ndogo, lakini kipepeo anaijua, na lenzi iliyosogea mno humtupia mdudu kivuli. Mimi napendekeza ya 100, bila kusita.

Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana kali ni milimita chache tu. Anza na f/11 (tundu dogo la lenzi, linaloongeza sehemu iliyo kali), weka fokasi jichoni, kisha sogeza mwili mbele na nyuma taratibu badala ya kuzungusha pete ya fokasi. Kinyonga huzungusha kila jicho kivyake. Subiri lililo upande wako likutazame. Tafadhali usimshike wala usivunje tawi lake.

Hatua ya 4: Fedha ikiwa haitoshi. Nunua pete za kurefusha lenzi, zinazowekwa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo, ni nafuu, na lenzi ya kawaida ya milimita 50 ikiongezwa pete za jumla ya milimita 50 hivi hufika 1:1. Chagua zenye miguso ya umeme ili kamera iendelee kuiongoza lenzi. Zumu ndefu kodisha kwanza, uwapige ndege wa mtaani kwenu, uone kama mkono unahimili kilo 2.