Mshihiri si lazima atoke Shihr

Kama babu yenu aliitwa Mshihiri, usikimbilie kumtafuta mjini Shihr. Shihr ni bandari ya Hadhramaut, jimbo la Yemen, kama Mukalla. Wengi waliokuja Mombasa, Lamu au Unguja kwa pepo za kaskazi walitoka mabondeni, mbali na bahari: Shibam, Seiyun, Tarim, au vijiji vya Wadi Doan. Huku pwani wakabandikwa jina la bandari, kijiji kikasahaulika.

Kwa hiyo ukikaa na bibi, usimuulize "tulitoka wapi?" Atakujibu "Uarabuni" na mtaishia hapo. Muulize babu alikuwa akitaja bonde gani, asali au tende za nyumbani kwao zilitoka wapi, barua zilipelekwa kijiji gani. Andika jina vile vile anavyolitamka, kisha mtafute mtu wa kuliandika kwa herufi za Kiarabu. Hili usilipuuze kabisa, maana kwa herufi za Kilatini Doan utaikuta Dawan, Du'an, Daw'an, na ramani moja haifanani na nyingine.

Mkiwa na hati ya zamani ya kusafiria, tazama imetolewa na nani. Hadi 1967 Mukalla, Shihr, Shibam na Doan zilikuwa chini ya sultani wa Quaiti; Seiyun na Tarim chini ya Kathiri. Muhuri huo pekee unaweza kukuondolea nusu ya ramani.