Jinsi ya kulinganisha santuri mbili za Vita Baridi

Ukitaka kusikia Marekani na Umoja wa Kisovieti zikikutana kwenye muziki, achana kwanza na rekodi ambazo kila upande ulicheza peke yake. Tafuta zile zilizochanganya watu. Jozi bora ni Konseto ya Piano Na. 1 (utunzi wa piano na okestra) ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky: Emil Gilels, Msovieti, akiwa na okestra ya Chicago chini ya Fritz Reiner (1955), na Van Cliburn, Mmarekani, akiongozwa na Kirill Kondrashin wa Moscow (1958). Hii ya pili ilirekodiwa New York wiki chache baada ya Cliburn kushinda Shindano la Tchaikovsky mjini Moscow, ambako mwenyekiti wa majaji wa piano alikuwa Gilels huyohuyo.

Kagua mwendo wa mashine ya kuchezea santuri kabla ya yote. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani yake inayozunguka, shusha sindano kwenye santuri, kisha hesabu: mizunguko 100 itimie kwa dakika 3 kamili. Usihesabu sindano ikiwa juu, maana msuguano wake hupunguza kasi. Kosa la asilimia 3 hupandisha au kushusha kimo cha noti (si ukubwa wa sauti) karibu robo toni, na mpiga piano asiye na hatia ataonekana ana haraka au amezubaa.

Futa vumbi kwa brashi laini ukifuata mifereji. Kama nakala yako ni ya mono (sauti ya njia moja, si stereo), bonyeza swichi ya mono. Mikwaruzo mingi itapungua.

Kisha sawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo cha desibeli cha simu, ukitumia kifungu kilekile katika santuri zote mbili. Tofauti isizidi desibeli 1. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoharibu hukumu: sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri.

Alika wasikilizaji, nao wasione majalada. Wakijua majina, watasikia “roho ya Kirusi” kwa Gilels na “ujana wa Kimarekani” kwa Cliburn hata pasipokuwepo. Wapigie sehemu ya pili ya konseto, inayofunguliwa na filimbi juu ya nyuzi zinazodonolewa, kutoka santuri zote mbili mfululizo. Kila mmoja aandike ni ipi ya Msovieti na sababu yake, kabla ya kuzungumza. Majina yatajwe hapo, ndipo muicheze sehemu ya tatu, ambayo wazo lake la kwanza la muziki ni wimbo wa kienyeji wa Ukraine.