Mawazo yakikujaa, kimbia kwa kuhesabu pumzi

Nimeijaribu mbinu hii wiki nzima katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa, pale kwenye mibuyu, na imenifaa kuliko mbio zote nilizokuwa nikizikimbia kwa hasira. Vuta pumzi kwa hatua tatu, itoe kwa hatua nne, ukihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu; moja, mbili, tatu, nne. Hesabu ikikupotea, punguza mwendo, hata ikibidi utembee hadi mbuyu unaofuata, kisha uanze upya. Pumzi inayotoka polepole hutuliza mapigo ya moyo, na akili iliyoshikwa na hesabu haipati nafasi ya kurudia maneno ya bosi au kodi ya nyumba iliyochelewa. Kwangu mabega ndiyo hushuka ya kwanza, kama dakika ya kumi hivi. Kabla ya hapo utaona haisaidii, vumilia.

Ukikimbia kwa kasi haifanyi kazi: mwili unadai hewa zaidi na hesabu inavunjika. Saa saba mchana ndiyo usijaribu kabisa, maana kwa unyevu wetu huu jasho halikauki mwilini, na moyo unakwenda mbio kwa ajili ya joto tu. Toka baada ya swala ya alfajiri, au jioni upepo wa bahari ukivuma. Na kama hukulala usiku, lala kwanza, mbio zitangoja. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama hapo hapo, na ukamwone daktari.